Grace Hopper: Mama Aliyeifundisha Kompyuta Lugha ya Watu

Ndugu zangu, kila anayeanza Java hupita njia hii. Unaandika programu yako kwenye faili, unaliita Salamu.java, halafu unafungua lile dirisha jeusi na kuandika javac Salamu.java. Ukisahau hata nukta-mkato moja, unagombezwa papo hapo. Usipokosea, kimya, linazaliwa faili jipya, Salamu.class. Sasa andika java Salamu, bila kuongeza .class mwishoni (wengi hukwama hapo), na programu inaanza kazi.

Hiyo javac ni kompaila, yaani mkalimani: inachukua maneno yako na kuyageuza yawe maagizo ambayo mashine ya Java inayaelewa. Leo tumkumbuke mama aliyeshikilia kwamba ukalimani huo kompyuta inaweza kuufanya yenyewe, wakati wenzake wengi hawakuamini.

Grace Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha akafungua nyingine, na nyingine, mpaka saba zikawa vipande. Mama yake alipogundua, akamwachia moja tu ya kuchezea. Baadaye Kilatini kilimwangusha alipotaka kuingia chuo cha Vassar, ikabidi asubiri mwaka. Akahitimu hisabati na fizikia mwaka 1928, na mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati Yale. Jina la Hopper alilipata kwa mumewe, waliyeachana mwaka 1945.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Wakamwambia umri umepita, tena ni mwembamba mno. Hakukubali, na Desemba 1943 akaingia kwa ruhusa maalumu. Mwaka 1944 akapelekwa Harvard kwenye Mark I, mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15, iliyosoma maagizo kutoka ukanda wa karatasi uliotobolewa.

Huko aliona tatizo. Watu walikuwa wakinakili vipande vya programu kwa mkono kutoka madaftari ya wenzao, na kila wakinakili wanakosea. Basi kwa nini kazi hiyo isifanywe na mashine? Mwaka 1952, akiwa na timu ya kompyuta ya UNIVAC, akakamilisha A-0, iliyovuta vipande hivyo kutoka kwenye utepe na kuviunganisha. Kwa vipimo vya leo ilikuwa kompaila changa sana, lakini njia ilifunguka. Wengi walibisha, eti kompyuta inajua hesabu tu.

Akaendelea na FLOW-MATIC, iliyopokea amri kwa maneno ya Kiingereza. Siku moja akawaonyesha wakubwa wake kwamba programu ileile inaweza kuandikwa kwa Kifaransa au Kijerumani. Wakashtuka! Kompyuta ya Marekani ielewe Kifaransa? Lakini kwa mashine maneno yote ni alama tu. COBOL ilipotungwa na kamati mwaka 1959, ilichota mengi kutoka FLOW-MATIC.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena 1967 kwa miezi sita. Miezi hiyo ikawa miaka 19! Alistaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha uadmirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington.

Java ilitoka miaka mitatu baadaye. Maneno kama class na public ni ya Kiingereza kwa sababu waliyoyachagua walizungumza Kiingereza, wala si kwa matakwa ya mashine. Majina unayoviita vitu vyako ndani ya programu ni hiari yako. Kwa hiyo usiku wa leo, wewe unayedhani kompyuta ni ya wenye Kiingereza chao, fungua dirisha jeusi. Andika jina, idadi, jumla. Kompaila haitalalamika. Labda usahau nukta-mkato.