Burleigh Grimes: Wa mwisho kuruhusiwa kutia mate mpirani

MWAKA 2021, wakuu wa ligi kuu ya besiboli nchini Marekani waliwaamuru waamuzi kuwakagua warushaji mikono, kofia na mishipi, wakisaka gundi na vitu vingine vya kunata. Aliyenaswa alifukuzwa uwanjani na kufungiwa mechi 10. Sheria yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imetimiza karne nzima, na historia yake imefungamana na maisha ya Burleigh Grimes.

Grimes alizaliwa Agosti 18, 1893 huko Emerald, jimbo la Wisconsin. Ujanani alifanya kazi za sulubu katika kambi za wakata miti. Mnamo 1916 aliingia ligi kuu akiichezea Pittsburgh.

Silaha yake ilikuwa mate. Alitafuna gome la mti lenye utelezi ili mate yamjae kinywani, kisha akalowesha vidole. Mpira uliochopoka kwenye vidole hivyo haukuzunguka sana hewani. Ulipomkaribia mpigaji ulishuka ghafla, naye akabaki kupiga hewa. Gundi hufanya kinyume: huvipa vidole mshiko thabiti, mpira ukazunguka kwa kasi zaidi. Njia ni mbili ila shabaha ni moja, kumhadaa mpigaji. Gome hilo lilimwasha usoni, ndiposa Grimes hakunyoa ndevu siku ya kurusha, na sura hiyo ikazidi kuwatia wapinzani hofu.

Kabla ya msimu wa 1920, wakuu walipiga marufuku kuupaka mpira kitu chochote. Agosti mwaka huo, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays wa New York Yankees, akafariki siku iliyofuata. Mays alisifika kwa kurusha kutoka chini wala si kwa mate, lakini msiba huo ulidhihirisha hatari ya mpira uliochafuka hata usionekane vyema.

Je, wale waliokuwa wakitegemea mate kupata riziki wangefanyaje? Warushaji 17 waliruhusiwa kuendelea hadi watakapostaafu, Grimes akiwa miongoni mwao. Msimu huo wa 1920 alishinda mechi 23 na kuifikisha Brooklyn katika fainali za World Series dhidi ya Cleveland, iliyokuwa ingali katika maombolezo. Stan Coveleski wa Cleveland, naye mmoja wa wale 17, alishinda mechi tatu, ya mwisho akimlaza Grimes mwenyewe.

Grimes alifutwa machozi 1931 alipoishindia St. Louis mechi mbili za fainali, ikiwemo ya saba iliyoamua bingwa, dhidi ya Philadelphia. Alistaafu 1934 akiwa na ushindi 270, na ruhusa ile ikaondoka naye. Aliinoa Brooklyn 1937 na 1938, na mwaka 1964 akaingizwa katika jumba la magwiji wa besiboli. Alifariki Desemba 6, 1985 akiwa na umri wa miaka 92.

Kwa miaka 14 Grimes alitenda hadharani, huku akishangiliwa, jambo ambalo kijana aliyeingia ligini baada yake angefukuzwa uwanjani kwa kulitenda. Hakuwa mlaghai, kwani hakuvunja sheria. Wakuu walilinda riziki ya wachache, lakini wapigaji ndio waliolipa gharama ya huruma hiyo.