Mtakatifu Isaac Jogues: Padre Aliyerudi



Kuanza wengi tunaweza. Semina ya vijana ikiisha tunatoka na moto, tunataka kila mtu amjue Yesu. Tukichekwa mara moja tu, basi, tunanyamaza. Leo hebu tumtazame padre mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Isaac Jogues alizaliwa Orléans, Ufaransa, mwaka 1607. Alijiunga na Wajesuiti akiwa kijana wa miaka 17. Mwaka 1636 akapewa upadre, na mwaka huohuo akapanda meli kwenda Kanada kuwahubiria Wahuron.

Agosti 1642, akiwa safarini kurudi misioni kwa mitumbwi, msafara wao ulivamiwa na Wamohawk, maadui wa Wahuron. Jogues alikuwa amejificha kwenye matete, angeweza kutulia pale akapona. Lakini alipoona wenzake wamekamatwa, akajitokeza mwenyewe. Waling'olewa kucha, wakatafunwa vidole, na Jogues akakatwa dole gumba la mkono wa kushoto. Mwezi uliofuata mwenzake René Goupil, tabibu wa misioni, aliuawa kwa shoka kwa sababu alimwekea mtoto ishara ya msalaba.

Tuwe wakweli hapa. Wamohawk hawakuwa wakatili bila sababu. Tangu Wazungu wafike, magonjwa mapya yalikuwa yakiwamaliza, na wengi waliamini kwamba ishara na sala za mapadre ni uchawi. Anayetupinga mara nyingi ana jeraha lake. Tukilisahau hilo, tutahubiri kwa hasira.

Jogues alikaa utumwani zaidi ya mwaka mmoja, akibatiza watoto na watu waliokuwa wakifa. Waholanzi wa ngome ya jirani walipompa nafasi ya kutoroka kwa meli, hakuikimbilia. Aliomba kwanza usiku mmoja wa kutafakari na kusali. Ndipo akakubali. Krismasi ya mwaka 1643 alikanyaga tena ardhi ya Ufaransa, amechakaa kiasi kwamba alipofika kwa Wajesuiti wenzake mjini Rennes hawakumtambua.

Kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya vidole vyenyewe. Kwa sheria ya Kanisa wakati ule, mikono iliyoharibika namna ile haikuruhusiwa kuadhimisha Misa. Papa Urbano VIII akampa ruhusa ya pekee.

Sasa fikiria. Yuko nyumbani, anaheshimiwa, hata malkia alitaka kumwona. Nani angemlaumu kama angebaki? Lakini mwaka 1644 alikuwa tayari amerudi Kanada.

Mwaka 1646 alitumwa kwa Wamohawk walewale kama mjumbe wa amani, akapokelewa vizuri. Alipoondoka aliacha sanduku lake, maana alikusudia kurudi. Baadaye ugonjwa ukazuka, mazao yakaharibika, na lawama ikaangukia lile sanduku. Aliporudi alikamatwa, na tarehe 18 Oktoba akauawa kwa shoka akiingia kwenye nyumba alikoalikwa kula. Alikuwa na miaka 39.

Je, alishindwa? Miaka 10 baadaye, mwaka 1656, kati ya Wamohawk haohao alizaliwa Kateri Tekakwitha. Akiwa na miaka 20 alibatizwa na Mjesuiti, na mwaka 2012 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Jogues hakuliona hata jani la mbegu hiyo.

Ndugu yangu, uvumilivu si kutosikia maumivu. Jogues aliyajua vizuri, kila siku aliyaona mikononi mwake, na bado akarudi. Wiki hii mkumbuke mtu mmoja uliyeacha kumshirikisha imani kwa sababu alikudhihaki. Rudi kwake kwa upole. Ukiona huna la kusema, anza kwa kumsalimia tu.

Tusali: Ee Bwana, utupe moyo wa kurudi pale tulipoumizwa, si kwa kushindana bali kwa kupenda. Amina.

Mtakatifu Isaac Jogues, utuombee.