Mtakatifu Brigid na Msalaba wa Majani

Nawaletea habari za mwanamke ambaye yasemekana alizaliwa katika utumwa, na ambaye tangu mwaka 2023 nchi yake imemwekea siku ya mapumziko. Naye ni Brigid wa Kildare, katika nchi ya Eire.

Yasemekana alizaliwa karibu na mwaka 451. Baba yake, Dubhthach, alikuwa mtu mkubwa, lakini mama yake alikuwa mjakazi. Maisha yake yaliandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, kwa hiyo ni vigumu kupambanua yaliyotokea na hadithi. Mimi nawasimulia kama wenyeji wanavyosimulia.

Brigid hakuweza kumwona maskini akirudi mikono mitupu. Siagi, maziwa, unga, vyote vya baba yake alivigawa. Hata siku moja baba akachoka, akampakia katika gari la farasi ili akamwuze kwa mfalme wa Leinster. Alipoingia kwa mfalme aliuacha upanga wake garini. Mara akatokea mkoma akiomba, na Brigid akampa upanga ule.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimlaumu, maana kutoa mali ya mwenzio si ukarimu. Baadaye nikafikiri: msichana anayepelekwa kuuzwa kama mbuzi, ana nini kilicho chake? Mfalme hakumnunua. Alimpa baba upanga mwingine, na Brigid akapata uhuru. Ndipo alipojenga nyumba ya watawa huko Kildare, jina ambalo maana yake ni kanisa la mwaloni. Alifariki karibu na mwaka 525.

Husimuliwa tena kwamba alikuwa akimwuguza mkuu mmoja mpagani aliyekuwa kufani. Sakafuni palitandazwa majani marefu ya kinamasi. Brigid akayaokota, akasuka msalaba huku akimweleza habari za Kristo. Mpaka leo, tarehe 31 Januari, mkesha wa sikukuu yake, watu husuka misalaba hiyo. Majani hukunjwa moja baada ya jingine kuzunguka katikati, kisha ncha nne hufungwa. Msalaba hutundikwa juu ya mlango ili nyumba isalimike na moto.

Shuleni watoto hufundishwa kazi hiyo, na wako wanaoiuza misalaba yao, fedha zikaenda kwa wenye shida. Naona watoto hao wamenijibu lile swali la upanga. Hawachukui cha baba wala cha jirani. Huingia kinamasini, hukata majani, huongeza kazi ya vidole vyao, na hicho ndicho wanachotoa. Nasi kwetu, ndugu zangu, mafunjo ni tele.