Roosevelt, Mwindaji Aliyewapenda Ndege

Jina la Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, likitajwa katika nchi yetu, aghalabu hutajwa pamoja na bunduki. Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka madarakani, na hadi safari yake ya Afrika ilipomalizika mwaka uliofuata, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512. Hesabu hiyo aliichapisha mwenyewe, wala hakuionea haya. Lakini mtu huyu alikuwa na upande wa pili usiosimuliwa sana, nao ni upande wa ndege.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye uwezo. Mali haikumpa afya. Pumu ilimkaba usiku hata wazazi wake wakihofia hataona asubuhi, na macho yake yalikuwa mabovu, ila hapana aliyetambua. Miwani aliipata akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Kwa hiyo masikio yake yalijifunza kufanya kazi ya macho. Alizijua sauti za ndege wa kwao moja moja, kama mtu ajuavyo sauti za majirani. Akafundishwa pia kuchuna ndege na kuwajaza pamba. Majira ya baridi ya mwaka 1872 kuingia 1873 familia yake ilisafiri kwa jahazi katika Mto Nile, na kijana huyo akawa kutwa kuwasaka ndege kandokando ya maji. Huo ndio msimu ambao ndege wengi wa Ulaya huwa wamekimbilia Misri na kusini yake.

Dunia haikumwonea huruma. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mkewe walifariki siku moja, nyumba moja. Akaenda kufuga ng'ombe katika nyika za Dakota mpaka moyo ukatulia, kisha akarudi katika siasa. Rais McKinley alipouawa mwaka 1901, Roosevelt akashika nafasi yake akiwa na umri wa miaka 42.

Zama hizo mabibi wa New York, London na Paris walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya. Yangeyange waliuawa kwa maelfu wakati wa kulea, kwa kuwa ndipo manyoya yao yanapopendeza, na makinda yakabaki kufa njaa viotani. Tarehe 14 Machi 1903 Roosevelt alikitenga kisiwa kidogo cha pwani ya Florida, kiitwacho Pelican Island, kiwe maskani ya mwari na ndege wenziwe, asiguse mtu. Hiyo ilikuwa hifadhi ya kwanza ya ndege kutengwa na serikali kuu ya Marekani. Alipotoka Ikulu mwaka 1909 hifadhi za namna hiyo zilikuwa 51.

Alikuwa na sababu ya kufanya haraka. Katika utoto wake njiwa msafiri wa Marekani walikuwa bado wakipita angani kwa makundi makubwa ajabu. Watu waliwaua kwa bunduki na nyavu, wakawauza sokoni kwa mapipa. Mwaka 1907, akiwa mapumzikoni Virginia, Roosevelt aliamini ameliona kundi dogo la njiwa hao. Hapana hakika kama baada yake kuna mtu aliyewaona tena porini. Njiwa wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Waama, wingi si kinga.

Basi mtu huyo ndiye aliyefika Meru mwaka 1909. Kufikia Septemba alikuwa ameshawinda ndovu katika misitu ya Mlima Kenya, akapokewa katika boma changa la Meru na mtawala wake, Bwana Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Kutoka hapo aliteremka kwenye nyika za Ewaso Nyiro. Wataalamu wake wawili, Mearns na Loring, walibaki mlimani wakikusanya ndege na wanyama wadogo. Mearns alikuwa daktari wa jeshi na bingwa wa ndege. Wapagazi wetu, ambao majina yao hayakupewa nafasi, ndio waliobeba chumvi ya kuhifadhia ngozi hizo zilizopelekwa katika jumba la makumbusho la Washington.

Septemba ni mwezi wa wageni. Baridi ikianza kubisha hodi Ulaya na Asia, mbayuwayu na keremkerem huanza kuteremka kusini, na pamoja nao ndege wadogo wa vichakani wenye uzito wa gramu tisa hivi. Baadaye hufuata korongo weupe, na kozi watokao mbali kabisa, kwenye Mto Amur. Wengi hupita Meru na Embu wakati mvua za vuli zinapokaribia au zimeshaanza, kumbikumbi wakitoka ardhini na nondo wakizagaa kwenye taa.

Miongoni mwa nondo hao yumo mama wa viwavijeshi. Naye ni msafiri, huruka usiku akichukuliwa na upepo wa mvua, akataga mayai, na watoto wake wakala mahindi na malisho mpaka shamba likawa uwanja. Korongo weupe huwaandama viwavi hao na kuwala. Mkulima wa Tigania au Mbeere anayeona kundi la korongo likitembea shambani mwake anaona vibarua wasiodai ujira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini akikata miti yote, akikausha kinamasi, au akimwaga sumu ovyo, mgeni huyo atakufa au atapita asitue, na mwenyeji atabaki na viwavi vyake.

Roosevelt alipopita Uingereza Juni 1910 hakuridhika na karamu za wakubwa tu. Alikwenda na Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje, kutembea katika vichaka na msitu wa New Forest kuwasikiliza ndege. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapofuka kwa ngumi za michezo, lakini masikio yalikuwa yale yale. Miongoni mwa waimbao huko kiangazi wamo jamaa za wale wanaokuja kwetu vuli.

Alifariki tarehe 6 Januari 1919. Miaka mitatu kabla, mwaka 1916, Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilikuwa zimetia saini mkataba wa kuwalinda ndege wahamao. Kwa upande wetu, mapatano juu ya ndege wa majini wanaohama baina ya Afrika, Ulaya na Asia yalipitishwa The Hague mwaka 1995, na Kenya imo. Msingi ni mmoja: ndege ahamaye hana nchi moja. Kila nchi apitapo ameekwa amana, na nchi moja ikiila amana hiyo, zote zimepoteza.

Wanyama 512 hawatarudi, na haifai kuwasahau. Lakini bunduki ya Roosevelt imekwisha kunyamaza, na mwari wa Pelican Island bado wanataga.