Ngala na siku aliyoivunja KADU

Hapa Ganda, wanasiasa wakihama vyama, wazee humtaja Ronald Ngala. Mwalimu huyu, aliyezaliwa mwaka 1923, aliongoza KADU tangu 1960 akidai majimbo, ili Pwani isimamie ardhi yake. Walowezi wengi nao waliiunga mkono, wakihofia mashamba yao. Huruma kwetu sidhani ilikuwapo. Baada ya uhuru, serikali ya KANU iliyabana majimbo kwa pesa, na wabunge wa KADU wakaanza kuhama. Novemba 1964 Ngala akakivunja chama. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, mamlaka ya majimbo yakakatwa. Yeye baadaye akapata uwaziri, akafariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya gari. Simwiti msaliti, ila maskwota wa Malindi walimpoteza msemaji wao wa upinzani.