Winslow Homer: Aliyeacha Kibarua cha Magazeti Akaifuata Bahari

Kila niwaonapo vijana wetu wakichora mabango ya maduka na mapambo ya matatu, humkumbuka Winslow Homer, Mmarekani aliyeanzia kazi kama hizo akafa akiwa bingwa wa kuchora bahari.

Alizaliwa Boston mwaka wa 1836. Mamake, aliyekuwa mchoraji wa rangi za maji, ndiye aliyemfunza mwanzo. Alipofika miaka 19 aliingia uanagenzi katika kiwanda cha kuchapa picha, akachora majalada ya nyimbo na kila alichotaka mteja. Kazi ilimchosha. Mwaka wa 1857 aliondoka, akaapa hatakuwa chini ya tajiri tena. Harper's Weekly lilipotaka kumwajiri alikataa, akawa analiuzia picha mojamoja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka wa 1861, alikwenda kambini kulichorea gazeti hilo. Ni katika miaka hiyo alipoanza rangi za mafuta, na mwaka wa 1866 mchoro wake wa wafungwa wa vita ulimpa jina.

Hata hivyo, hakukiacha kibarua siku hiyo. Mwaka wa 1873 alishika rangi za maji kwa dhati, na miaka miwili hivi baadaye ndipo alipoyapa magazeti kisogo. Mwaka wa 1881 alihamia Cullercoats, kijiji cha wavuvi Uingereza, akawachora wanawake wakibeba vikapu vya samaki na kuwangoja waume zao watoke baharini. Kuanzia 1883 aliishi Prouts Neck, ufukweni mwa Maine, hadi alipofariki mwaka wa 1910.

Mchoro wake wa 1899, The Gulf Stream, unamwonyesha mtu mweusi peke yake ndani ya mashua iliyovunjika mlingoti, papa wamemzunguka, meli ikipita mbali. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliununua mwaka wa 1906.

Nionavyo mimi, magazeti ndiyo yaliyomnoa jicho, lakini angebakia huko tusingemjua. Wazazi wenzangu, mtoto achoraye bango tusimdharau, wala tusimwambie aridhike nalo. Wavuvi wetu, jahazi zetu na wanawake wetu wa pwani wanangoja kuchorwa na mkono wa mwenyeji, nasi tuwe tayari kuununua mchoro huo ukija.