Muhamadi Kijuma: Fundi wa Lamu Aliyetia Jina Lake Kwenye Kazi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na methali hii, na mafundi wetu wengi wameifanya mto wa kulalia. Wanakaa barazani wakingoja sifa ziwatangulie. Lakini kizuri kisicho na jina huuzwa na mwengine, na faida ikala mwengine. Mtazame mkulima wa mbatata wa Kibirichia, kule Meru kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Akishajaza gunia na kulikabidhi kwa dalali, jasho lake halina jina tena. Anayekaanga viazi karai Mombasa hajui ni nani aliyevilima, wala haulizi.

Kwa mkulima tutasema ni taabu ya biashara ya mazao. Lakini mchongaji wa mlango, mshonaji kofia au mwandishi wa khati ana kisingizio gani? Leo tumkumbuke mzee mmoja wa Lamu aliyelijua jambo hili mapema, kabla baba zetu wengi hawajazaliwa.

Muhamadi bin Abubakari Kijuma, ambaye wengine huliandika jina lake Kijumwa, alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na akafariki mwaka 1945. Katika umri huo mrefu aliona mengi. Aliiona Lamu chini ya Sultani wa Zanzibar, akawaona Waingereza wakishika hatamu mwaka 1895, akaona reli ikianzia Mombasa na biashara kuihama bandari yake. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku, na matajiri waliotegemea mashamba yaliyolimwa na watumwa wakayumba. Mji uliokuwa ukiagiza milango ya nakshi na vitabu vya mkono ukapungukiwa na fedha. Fundi aliyetegemea wateja wa mtaani peke yao alikuwa na kazi ya kufikiri.

Na Kijuma alikuwa fundi wa mambo mengi. Alichonga milango na kazi nyingine za mbao. Alitunga mashairi na tenzi. Alipiga kibangala na alijulikana katika ngoma za mji. Lakini kazi iliyoipeleka sifa yake mbali kuliko zote ni kalamu. Alikuwa na khati nzuri, iliyonyooka, inayosomeka, na alijua kuupamba ukurasa ukavutia macho kabla hujasoma neno.

Alijua pia taabu ya msomaji wake. Kiswahili kina sauti ambazo herufi za Kiarabu hazina, kama p na ch, na waandishi wengi wa zamani walimwachia msomaji akisie. Mtu wa Lamu aliyezaliwa na lugha alikisia sawa. Mgeni alipotea. Kijuma alikuwa miongoni mwa waandishi waliotumia herufi zenye alama za ziada ili kila sauti ijulikane. Jambo dogo hilo, lakini ndilo lililofanya muswada wake uweze kusomwa na mtu aliye mbali asiye na wa kumuuliza. Kwa lugha ya leo, alimfahamu mteja wake.

Wateja hao walikuwa nani? Kati ya mwaka 1911 na 1913 alikuja Afrika Mashariki mwanamke wa Kiingereza, Alice Werner, mtaalamu wa lugha ambaye baadaye alikuwa profesa London. Alifika Lamu na akafanya kazi na Kijuma. Utenzi wa Fumo Liyongo ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Kijuma ni wa mwaka 1913. Werner aliuandikia makala na kuutangaza huko Uingereza katika miaka ya 1920. Kisha akaja William Hichens, aliyewahi kuwa afisa wa serikali ya kikoloni huku kwetu. Mwaka 1934 Werner na Hichens walichapisha pamoja utenzi wa Mwana Kupona, na mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi. Hichens na Kijuma waliandikiana barua, na miswada ikasafiri kutoka Lamu hadi Uingereza. Mwaka 1936 Mjerumani Ernst Dammann naye alifika Lamu, akamkuta mzee ana umri wa miaka themanini hivi, bado kalamu iko mkononi. Kitabu cha Dammann cha tungo za Kiamu kilitoka mwaka 1940.

Wateja walifuatana hivyo, bila duka wala tangazo gazetini. Siri mojawapo iko mwishoni mwa miswada yake. Kijuma alizoea kutia jina lake, na mara nyingi tarehe na jina la aliyeandikiwa. Aliyeufungua muswada huo London au Hamburg alijua kazi ni ya nani, na anatoka mji gani. Kila nakala iliyotoka mkononi mwake ilimtafutia mteja mwengine.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Jina kubwa lina gharama yake, na Kijuma aliilipa. Mpiga kibangala na mtu wa ngoma hakukosa wa kumtazama kwa jicho la pembeni katika mji wa wanazuoni. Ukaribu wake na wamisionari ulizidi hilo, hata katika baadhi ya miswada akajiandika Masihii. Katika Lamu ya zama zile, neno hilo moja chini ya ukurasa lilikuwa zito kuliko mlango wa mvule. Sahihi iliyomtambulisha kwa wageni ndiyo hiyo iliyomtia maulizoni kwa majirani.

Gharama ya pili imeibaki kwetu. Miswada yake mingi iko katika maktaba za London na Ujerumani. Mtoto wa Mkomani au Langoni anayetaka kuiona khati ya mzee wake ni lazima aiombe kwa wenyewe wa huko, au aitazame kwenye intaneti. Na majalada ya vitabu vilivyotokana na kazi hiyo yalibeba majina ya Wazungu mbele, naye akatajwa ndani. Wataalamu nao mpaka leo wanajadiliana ni tungo zipi alizitunga mwenyewe na zipi alizinakili tu, kwa sababu jina la mwandishi wa khati na jina la mtunzi si kitu kimoja.

Hata hivyo, fikirini ingekuwaje kama asingetia jina kabisa. Waandishi wangapi wa Lamu, Pate na Siyu walioandika kwa ustadi, na leo muswada wao umeorodheshwa kuwa wa mwandishi asiyejulikana? Wachongaji wangapi walioacha milango ambayo watalii wanaipiga picha kila siku, na mwongoza watalii hana jina la kuwatajia? Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, lakini wengi walioujenga urithi huo hatuwajui.

Kwa hivyo neno langu ni kwa mafundi wetu wa leo, wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga. Ustadi kwanza, kwani jina halikusaidii kama mlango unapinda baada ya mvua moja. Kazi ikiwa nzuri, tia jina lako, mji wako na mwaka, mahali ambapo muuzaji hawezi kupafuta. Ukinakili kazi ya mwengine, mtaje na yeye. Kabla kazi haijapanda boti au ndege, piga picha ubaki nayo, ili mjukuu wako asilazimike kuomba ruhusa ya kuiona. Kijuma alifanya la kwanza na la pili kwa ukamilifu, na ndiyo maana miaka themanini baada ya kifo chake tunaweza kumtaja kwa jina. Haya mawili ya mwisho ni juu yetu, na simu ya kupigia picha kila fundi anayo mfukoni.